Umeshinda Fidia, Pesa Huzioni

Nimeombwa nizungumzie benki kukata fidia ya mteja ili kujilipa deni la zamani. Wengi hapa Uingereza limewagusa, na huko nyumbani kuna waliosubiri bati na saruji zisizofika.

Kwa wasomaji wa nyumbani: benki za hapa kwa miaka mingi ziliuza bima ya kulinda malipo ya mkopo, maarufu kama PPI, hata kwa watu ambao isingewafaa kitu. Mwaka 2011 zilikwenda mahakamani kupinga kanuni za kushughulikia malalamiko, zikashindwa. Madai yalifungwa tarehe 29 Agosti 2019, na fidia kwa jumla ilipita pauni bilioni 38.

Tuchukue mfano. Fidia yako ni pauni 2,000, na mkopo ule ule uliobebeshwa bima una malimbikizo ya pauni 1,800. Barua inasema umeshinda, halafu unapewa pauni 200. Huo si wizi kisheria. Lakini kanuni ziliweka masharti: mkopo uwe na malimbikizo, mkataba uipe benki haki ya kukata, deni liwe la mkopo unaohusiana na bima hiyo, na mteja awe amekubali fidia aliyopewa. Juu ya yote, benki itende haki. Hapo kwenye kukubali ndipo watu walipoumia, maana walitia saini kabla ya kusoma ukurasa wa pili.

Na waliotumia makampuni ya kudai fidia waliumia mara mbili. Kampuni ilihesabu asilimia yake kwenye zile 2,000, si kwenye 200. Mtu anashinda kesi, halafu anadaiwa ada!

Mimi kinachonikera zaidi ni hiki: deni lenyewe mara nyingi benki ilikuwa imeshalifuta vitabuni kama deni lisilolipika. Kwa hiyo adhabu yake inakuwa karatasi kufuta karatasi. Mkosaji ndiye mdai, na ndiye anayepiga hesabu.

Kwa hiyo uliza deni ni la nani leo. Kama benki ililiuza kwa kampuni ya wakusanya madeni, huidaiwi tena na benki, basi inakata kwa haki ipi? Uliza pia lina umri gani. Scotland, deni la kawaida lisilolipwa, lisilokiriwa wala kudaiwa mahakamani kwa miaka 5 hufa kabisa. England, baada ya miaka 6 mdai hufungiwa mlango wa mahakama, ila deni lenyewe linabaki. Jamaa wa Glasgow na jamaa wa Leicester hawana jibu moja.

Kwa nini niyaseme leo wakati PPI imepita? Kwa sababu ya mikopo ya magari. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu tarehe 1 Agosti 2025, na Oktoba 2025 mamlaka ya FCA ikapendekeza mpango wa fidia. Wabeba boksi wangapi hapa wamenunua gari kwa mkopo, na wangapi wamebaki na malimbikizo?

Barua ikija, omba mchanganuo kwa maandishi kabla ya kusaini. Benki ikikataa malalamiko yako, una miezi 6 tangu barua yake ya mwisho kwenda Financial Ombudsman, na huko hulipi hata senti. Karibuni kwa maswali.