Karakana ya Pinde Nyuma ya Nyumba
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya mafundi)



Maombi ya mkopo yaletwayo na mafundi wa mbao aghalabu hufanana. Ukurasa wa kwanza hutaja mabati, saruji, misumari, randa, tupa na jiliwa. Miti yenyewe huja mwisho, kwa mstari mmoja, kana kwamba ni kitu cha kuokotwa njiani. Kwa fundi wa viti kosa hilo husameheka, maana kiti cha mti mbichi huachia viungo, lakini hukalika. Kwa fundi wa pinde halisameheki. Upinde ni mti unaokunjwa mamia ya mara na kutakiwa urudi ulivyokuwa. Ukiwa mbichi ndani, hubaki umepinda hata upote unapofunguliwa, na nguvu zake hupotea kabla haujazeeka. Kwa sababu hiyo karakana ya pinde, kabla ya kuwa mahali pa kuchongea, ni nyumba ya kukaushia.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha kuliko katikati, nazo ncha hupasuka. Ufa ukiingia shubiri mbili kila upande, pande la mita mbili halitoshi tena upinde wa mtu mzima. Siku ile ile ya kukata, basi, ncha zote mbili hupakwa nta, gundi au rangi ya mafuta, na gome hubanduliwa ili wadudu watoboao mti wasipate maficho. Pande nene hupasuliwa kwa kabari, wala si kwa msumeno, kwani kabari hufuata nyuzi za mti ilhali msumeno hufuata jicho la mwenye kuushika.

Kila pande huandikwa tarehe ya kukatwa na uzito wake, kisha hupimwa kila juma. Uzito hushuka, ukisimama pale pale kwa majuma matatu au manne, mti umekwisha kupatana na hewa ya mahali hapo. Mizani ya chama ya kupimia magunia haifai kwa kazi hii. Ile ya dukani ya kupimia sukari yatosha. Pande zima laweza kuchukua mwaka. Lililochongwa nusu, likaachwa nene kidogo, huchukua miezi michache. Fundi mwenye haraka ya halali hupitia njia hiyo ya pili.

Banda lenyewe si la gharama. Mita nne kwa tatu zatosha, mradi upande mmoja uwe mrefu kiasi cha fundi kusimama mbali na kazi yake. Paa la makuti au nyasi ni bora kuliko bati, ingawa maombi mengi huliona bati kuwa ndilo maendeleo. Chini ya bati lisilo na dari hewa huwa tanuri wakati wa adhuhuri na hupoa ghafla usiku, na mti hupasuka kwa mabadiliko hayo. Aliyekwisha kuezeka bati na atandike dari ya matete au majamvi. Kuta ziache nafasi juu pande mbili ili upepo upite, na paa lishuke vya kutosha kuzuia jua na mvua. Chanja ya kulazia mapande iwe juu ya ardhi, miguu yake ikisimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, la sivyo mchwa watakuwa wanachama wa kwanza kugawana faida.

Vyombo ni vichache: shoka, tezo, kisu cha mikono miwili, tupa, jiliwa na kipande cha kioo cha kukwarulia. Kisichoonekana katika maombi ni nguzo ya kukunjia, nayo ni roho ya karakana. Ni boriti iliyosimikwa imara, kichwani ina kitako cha kukalisha mshiko wa upinde, na chini yake kapi. Kamba hufungwa kwenye upote, hupita katika kapi, na fundi huivuta akiwa hatua tatu nyuma. Ukuta ulio nyuma ya nguzo hupakwa chokaa na kuchorwa mistari ya mkaa iliyolala sawasawa, ili jicho lione upesi mkono upi wa upinde umekuwa mgumu. Ulio mgumu ndio hukwaruzwa, tena kwa upande wa tumbo tu, ule unaomwelekea mvutaji. Mgongo, ulio chini ya gome pale mti ulipokua, hauguswi kwa chombo. Nyuzi zake zikikatwa, huanza kufumuka hapo. Baada ya kila mkwaruzo upinde huvutwa kidogo kidogo mara ishirini au thelathini ndipo utazamwe tena. Upinde unaovunjika hurusha vipande kwa nguvu, na aliyeuvuta kwa mikono, uso wake ukiwa karibu, ndiye huvipokea. Kamba na kapi bei yake ni ndogo kuliko jicho.

Huenda mjumbe akauliza pinde ni za nini siku hizi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania hairuhusu kuwinda pasipo kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Soko la karakana hizi ni vikundi vya ngoma, wageni, na wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha, uliorudishwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1972. Huko hutumika pinde za kisasa, lakini wapo wanaoutaka mchezo huo kwa upinde wa mti mtupu, nao hulipa kwa ubora.

Mti unaofaa na ujulikanao sehemu nyingi za bara ni mkole. Haunenepi sana, na shina moja pengine hutoa upinde mmoja tu. Jambo hilo litazamwe mapema. Wachongaji Wakamba wa Kenya, walioeneza kazi yao tangu Vita ya Kwanza ya Dunia na kuanzisha chama chao cha ushirika Mombasa mwaka 1963, walitegemea mpingo na muhugu hata miti hiyo ikaadimika, ndipo wengi wakageukia mwarobaini na mwembe. Mchonga pinde hana njia hiyo ya kugeukia mwembe. Mkole hukatwa juu ya kisiki ili uchipue, na ukiwa katika msitu wa hifadhi, kibali hutakiwa kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Lililobaki ni la kamati za mikopo. Mkopo unaoanza kulipwa mwezi wa tatu, kwa kazi inayokauka miezi minane au zaidi, humlazimisha fundi kushusha chanjani mapande mabichi. Huyachonga na kuyauza. Nayo hurudi yamepinda, na mnunuzi hulitaja jina la chama, si la fundi. Kisha mkaguzi hufika na kukuta deni, bati zuri, na chanja tupu. Muda wa kusubiri ungeandikwa ndani ya mkataba kwa kufuata daftari la uzito: marejesho yaanze pale mapande ya kwanza yanapoacha kushuka. Fedha zitolewe kwa awamu, chanja na mapande kwanza, jiliwa baadaye. Nalo daftari likaguliwe kama kitabu cha fedha, kila pande na namba yake, pamoja na yaliyopasuka na pinde zilizovunjikia nguzoni, tarehe zikionyeshwa.