Ardhi, Nili na Watu wa Champaran: Namna ya Kuisoma Wilaya



Wilaya ikitajwa, wengi wetu hufikiria mipaka, makao makuu na idadi ya watu. Hayo yana kazi yake, lakini hayaelezi kwa nini mahali penye udongo mzuri na maji tele pawe na watu maskini. Jioni hii naomba tuitazame Champaran, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Bihar nchini India, mpakani na Nepal. Hoja yangu ni kwamba jiografia ya wilaya ya wakulima haikamiliki mpaka tujue ni nani mwenye kauli juu ya kinachopandwa.

Ardhi na maji

Champaran ilimegwa kutoka wilaya ya Saran mwaka 1866. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikagawanywa kuwa wilaya mbili: ya Magharibi, yenye makao makuu Bettiah, na ya Mashariki, yenye makao makuu Motihari. Ile ya Magharibi ndiyo kubwa kwa eneo kuliko wilaya zote za Bihar. Sensa ya 2011 ilihesabu humo watu 3,935,042, na takriban tisa katika kila kumi waliishi vijijini.

Kaskazini kabisa vipo vilima vya Someshwar, vinavyoitangulia Himalaya, na msitu ambao sasa ni hifadhi ya chui-milia ya Valmiki. Chini yake upo ukanda wa Terai, wenye unyevu na nyasi ndefu, kisha tambarare. Mto Gandak hushuka kutoka Nepal na kupita upande wa magharibi, ukileta tope linalorutubisha na mafuriko yanayobomoa. Katikati hupita mto mdogo zaidi, Sikrahna. Kaskazini yake udongo ni mfinyanzi mzito unaopenda mpunga. Kusini udongo ni mwepesi, na hapo ndipo nili, mmea wa rangi ya buluu, ilipostawi.

Nili na sheria yake

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa chini ya ukabaila wa Bettiah Raj. Ulipolemewa na madeni mwishoni mwa karne ya 19, vijiji vingi vilikodishwa kwa walowezi wa Kizungu wenye viwanda vya nili. Hao wakaimarisha utaratibu ulioitwa tinkathia: katika kila sehemu 20 za shamba lake, mkulima alilazimika kupanda nili katika sehemu tatu, kwa bei isiyolingana na jasho lake.

Mwaka 1897 kampuni ya Kijerumani ya BASF ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na bei ya nili ya shambani ikaporomoka. Hasara ile ilipaswa kuwaangukia walowezi, lakini waliwatwisha wapangaji wao. Aliyetaka kufunguliwa kifungo cha nili alipandishiwa kodi ya shamba au alitozwa fedha taslimu kwa mkupuo. Hata ambako nili haikulimwa, ada zisizo na msingi wa sheria zilikusanywa.

Mkulima mmoja, Rajkumar Shukla, alimfuata Mohandas Gandhi kwenye mkutano wa chama cha Congress mjini Lucknow, Desemba 1916, akamsihi aje ajionee. Gandhi alifika Motihari Aprili 1917, akaamriwa kuondoka, akakataa, na tarehe 18 mwezi huo akasimama mahakamani. Siku chache baadaye kesi ikafutwa. Wengi hukumbuka ujasiri huo. Mimi nasisitiza pia kazi iliyofuata: yeye na wanasheria kama Rajendra Prasad na Brajkishore Prasad waliketi na wakulima kwa maelfu, wakawahoji na kuandika ushahidi wao. Serikali ikaunda tume, Gandhi akiwa mjumbe, na sheria ya 1918 ikaifuta tinkathia.

Watu na lugha zao

Champaran huhesabiwa katika maeneo ya wasemaji wa Kihindi. Shuleni na ofisini ndicho kinachotumika, lakini nyumbani watu wengi husema Kibhojpuri, ambacho sensa hukijumlisha ndani ya Kihindi. Kibhojpuri hicho kilivuka bahari na manamba waliochukuliwa kutoka Bihar na majirani zake katika karne ya 19, na hadi leo kinasikika Mauritius, katika bahari hii hii yetu ya Hindi.

Karibu na msitu wanaishi Watharu, waliokaa Terai enzi ambazo malaria iliwafukuza wengine. Mwaka 2003 walitambuliwa rasmi kuwa miongoni mwa makabila yanayolindwa na katiba. Wakati wa mvua huadhimisha Barna: kwa saa 60 hawatoki nje wala hawapokei wageni, ili miche inayochipua isikanyagwe wala kukatwa. Hiyo nayo ni sheria ya ardhi, iliyotungwa na wanaoishi juu yake.

Tulipofika leo

Sasa zao la biashara ni muwa. Mkulima haulimi kwa kulazimishwa, na hiyo ni tofauti kubwa. Hata hivyo huuza kwa kiwanda kilichotengewa eneo lake, na malipo yakichelewa hana pengine pa kuupeleka. Vijana wengi huenda Punjab, Delhi na Gujarat kutafuta vibarua. Baadhi yao, waliorudi mwaka 2020 wakati wa korona wakiwa na ujuzi wa kushona, walianzisha kazi ya nguo huko Chanpatia. Elimu bado iko nyuma: sensa ya 2011 ilikuta zaidi kidogo tu ya nusu ya watu wa wilaya ya Magharibi wenye umri wa miaka saba na zaidi wakijua kusoma. Na ni mwaka 2024 tu ambapo Bihar ilipitisha sheria ya kuziweka mali za Bettiah Raj mikononi mwa serikali ya jimbo.

Wanafunzi wangu, mtakapotumwa kuandika kuhusu wilaya yoyote, chukueni ramani na takwimu, kisha nendeni shambani. Ulizeni hati ya ardhi iko kwa nani, bei hupangwa wapi, na mwanamke anayepalilia ana sauti gani katika mavuno. Andikeni majibu kwa uaminifu na myapeleke kwa wenye kutunga sheria. Champaran inathibitisha kwamba ushahidi wa wakulima, ukikusanywa kwa subira, unaweza kuibadili sheria.