Ulinzi wa Mji Hauuzwi kwa Zabuni



Nimeombwa niseme machache juu ya swali ambalo huzuka kila hazina ya mji inapopungukiwa: je, ulinzi wa mitaa yetu ukabidhiwe kampuni ya kibinafsi ili kuokoa fedha? Jibu langu ni la. Nitaeleza sababu, wala siwadharau wanaofikiri vingine.

Malalamiko yao nayafahamu. Polisi aitwaye usiku wa manane pengine hufika kumekucha. Mwananchi aliyeibiwa huambiwa atoe fedha za mafuta ya gari. Mwenye duka hulipa kodi, kisha hulipa bawabu. Anauliza kwa nini alipe mara mbili, na swali lake ni la haki.

Lakini tutenganishe kazi mbili. Kulinda lango la hospitali au ghala la kaunti ni kazi ya bawabu, na sheria ya mwaka wa 2016 ya kusimamia ulinzi wa kibinafsi inaitambua. Kumsimamisha raia njiani, kumpekua, kumtia pingu na kumfungia ni mamlaka ya dola. Taka zisipozolewa leo, zitazolewa kesho. Mtu akiuawa leo, hakuna kesho ya kusahihisha kosa.

Ndiyo maana Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali ya taifa kazi ya polisi. Kifungu cha 244 kinawataka polisi waheshimu haki za kibinadamu. Kifungu cha 245 kinakataza mtu yeyote kumwamuru Inspekta Jenerali kuhusu utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu fulani. Sheria ya mwaka wa 2011 ikaunda mamlaka huru, IPOA, ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya polisi. Ngao hizo zina matundu, nakiri. Hata hivyo, mama muuza mboga akipigwa rungu na polisi, ana mahali pa kushtaki. Akipigwa na mtu wa kampuni, IPOA haina uwezo juu ya mtu huyo. Kaunti itamwambia aende kwa kampuni, na kampuni itamwambia aende kwa kaunti.

Sasa tuzitazame hizo fedha. Lango moja likilindwa usiku na mchana lahitaji walinzi watatu wa zamu ya saa 8, au wawili wa zamu ya saa 12. Mwenye zabuni ya bei ya chini ataleta wawili. Basi akiba tunayoahidiwa imetoka katika usingizi na mshahara wa mlinzi, na juu yake mwenye kampuni hana budi kupata faida. Mlinzi mwenye njaa aliyepewa uwezo wa kukamata watu atajilipa mwenyewe, na atakayemlipa ni mchuuzi. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Wako watakaotutajia mji wa Lakewood, huko California, Marekani, ambao tangu mwaka wa 1954 hununua huduma ya polisi badala ya kuwa na kikosi chake. Ni kweli. Lakini Lakewood hununua kutoka kwa kaunti ya Los Angeles, ambayo mkuu wake wa polisi huchaguliwa kwa kura. Mji huo umekodi polisi wa umma. Haukuwakabidhi raia wake kwa mfanyabiashara.

Sisi wenyewe tumeonja ulinzi usio na wa kumwajibisha. Miaka ya 1990 makundi ya vijana waliolindwa na wakubwa yalivamia mikutano ya wapenda mageuzi. Mitaani, makundi mengine yakajifanya walinzi, yakatoza ada. Machi 2002, huko Kariobangi, Nairobi, uhasama wa makundi ya namna hiyo uliua watu zaidi ya 20 kwa usiku mmoja. Kampuni iliyosajiliwa si genge, nami sisemi ni sawa. Nasema tu kwamba rungu humtii anayelilipia, na mwenye rungu asiyeulizwa hatimaye hujiona mwenye mji.

Basi tufanye nini? Sheria ya polisi ya mwaka wa 2011 inataka kila kaunti iwe na halmashauri ya usalama chini ya gavana, ambamo wananchi nao wana viti. Tudai ikutane, na taarifa zake zisomwe hadharani. Tudai kila kandarasi ya mabawabu itangazwe: bei yake, mshahara wa mlinzi na saa zake za kazi. Tudai taa za barabarani, kwani taa haiombi hongo. Na askari wa kaunti wavae namba zinazosomeka.

Ndugu wananchi, kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukutafuta wingi wa vyama tu. Tulitaka kila mwenye mamlaka aweze kuulizwa na kila asiye nayo. Mji unaweza kukodi mtu wa kufagia na wa kulinda mlango. Haki ya kumuuliza anayetukamata tusiitie katika bahasha ya zabuni.