Mgeni Aliyejificha Ndani ya Kompyuta

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu za akiba na mikopo kwa kompyuta. Ni jambo jema. Lakini leo tuzungumze juu ya programu inayoingia bila kubisha hodi.

Hebu sikieni yaliyotokea Marekani mwaka wa 2005. Kampuni ya Sony BMG iliuza diski za muziki zenye kinga ya kuzuia watu kunakili nyimbo ovyo. Mtu akicheza diski hiyo kwa kompyuta ya Windows, aliulizwa akubali masharti. Akikubali, programu iliingia na kujificha, na masharti hayakuwa yamesema hivyo. Mtaalamu Mark Russinovich aliigundua, akaitangaza tarehe 31 Oktoba.

Sasa hatari iko wapi? Programu hiyo ilificha kila faili yenye jina linaloanza na $sys$, bila kujali ni ya nani. Ni kama mlinzi wa ghala anayechimba shimo la kujifichia chini ya sakafu yako. Mwizi akilijua, naye ataingia humo. Na kweli, Novemba hiyo hiyo virusi vilitokea vikajificha kwa jina hilo. Tena kifaa cha kwanza cha kampuni cha kuiondoa kilifungua mlango mwingine kwa wavamizi! Mwishowe diski zilirudishwa, lakini zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimeshauzwa.

Mwanamuziki ana haki ya jasho lake. Kosa lilikuwa kujificha ndani ya nyumba ya mtu.

Basi tufanye hivi:

1. Kompyuta ya hesabu isiwe ya muziki na sinema.
2. Fundi azime ile hali ya diski au flashi kujianzisha yenyewe.
3. Karani asifanye kazi kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Programu ile ilihitaji ruhusa hiyo ndiyo iingie.
4. Nakala ya hesabu iwekwe kando, na kitabu cha hesabu kisitupwe.
5. Mkishuku kitu, fundi aifute yote na kuweka Windows upya.

Pesa ni za wanachama wote, hata yule mama ambaye hajawahi kuigusa kompyuta.

Swali la kujadili kikundini: Ni nani anayeruhusiwa kutia kitu kwa kompyuta yetu, na nani alimruhusu?