Kupanda Yungiyungi la Msituni Karibu na Nyumba

Leo sisemi habari za muhogo wala za kahawa. Nasema habari za ua. Labda mtu atacheka na kusema, "Ua haliliwi." Ndiyo, haliliwi, na neno hilo ndilo kubwa katika mafundisho ya leo.

Ua hili mnalijua. Mvua za mwezi wa tatu zikianza, kijiti kimoja hutoka chini ya miti, na juu yake duara jekundu kama mpira, lenye maua madogo mengi, hata 200 pamoja. Majani hutoka pamoja nalo au nyuma yake. Wenye elimu ya mimea huliita Scadoxus multiflorus. Chini ya udongo lina kichwa cha mviringo mfano wa kitunguu.

Tangu dhahabu ilipoonekana katika nchi ya Kilo mwaka 1903, mabonde mengi yamechimbwa. Miti hukatwa, udongo wa juu hutupwa, na vichwa vya maua hutupwa pamoja nao. Basi mkijua mahali patakapochimbwa, ombeni ruhusa mvitoe mbele. Lakini penye msitu mzima viacheni, ndiko kwao.

Fanyeni hivi:

1. Wakati. Majani yangali mabichi, chomekeni kijiti kuwa alama. Chimbueni wakati wa jua, mwezi wa 12 mpaka wa pili, majani yakiisha kukauka. Msikate mizizi.

2. Mahali. Chagueni kivuli cha mti, jua la asubuhi likiingia kidogo. Maji yasisimame, maana kichwa kitaoza.

3. Udongo. Changanyeni udongo mweusi, majani yaliyooza na mchanga kidogo. Msilete udongo wa mahali panapooshwa dhahabu: rutuba yake imekwenda na maji, na pengine una zebaki, nayo ni sumu.

4. Kupanda. Shingo ya kichwa iwe sawa na uso wa udongo. Kati ya kimoja na kingine acheni shibiri moja. Kisha msikihamishe kila mwaka, hakipendi kusumbuliwa.

5. Maji. Mvua zikikosa, mwagieni kidogo. Majani yakianza kuwa manjano, acheni kabisa. Ua linalala, halikufa.

6. Kuzidisha. Ondoeni nyama ya matunda mekundu, mwoshe mbegu na kuzipanda upesi. Zitachukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa maua. Asiye na saburi atenge vitoto vinavyoota ubavuni mwa kichwa kikubwa.

Sasa shikeni neno kubwa. Ua hili lina sumu, na kichwa chake kina sumu nyingi. Mtu akikila atatapika na kuharisha, na mtoto mdogo aweza kufa. Kwa hiyo msilipande kamwe katika bustani ya mboga, wala msiweke vichwa vyake jikoni au katika kikapu cha soko. Ninyi mnaouza vitunguu kwa wachimbaji, angalieni sana! Kitunguu cha kula kina harufu kali kikikatwa, na majani yake yana uwazi ndani. Yungiyungi halina harufu hiyo, na majani yake ni mapana. Msijaribu kwa ulimi.

Na lile ua jingine la msituni linalopanda juu ya miti, jekundu na manjano kama ndimi za moto, mzizi wake hufanana na kiazi. Katika nchi ya Sri Lanka watu wamekufa kwa kuula wakidhani ni kiazi. Hilo msilipande penye watoto.

Ukimchimbua yungiyungi, nawa mikono. Waonyesheni watoto ua na kuwaambia: hili la macho, si la kinywa. Kama mtu amekula, msingoje kesho, wala msimpe dawa ya kubahatisha. Mpelekeni upesi kwa mganga wa hospitali, mkachukua na kipande cha mmea ule, apate kujua ni sumu gani.

Pandeni kwa akili, nyumba zenu zipate uzuri bila msiba.