Kura Chini ya Msalaba

Katika Injili ya Mateso ya Jumapili hii ya Matawi, askari wanagawana mavazi ya Bwana angali hai, akiwatazama.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba. Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland. Wakazi wa visiwa hivyo hawakuulizwa.

Twawalaumu wakubwa hao, na ni haki. Lakini ndugu wa marehemu wagawanapo shamba huku mjane akilia ndani, je, hawapigi kura ileile chini ya msalaba?

Bwana atujalie kuogopa kugawana kisicho chetu. Amina.