Umeme Ukikatika, Deni Lisomwe Wapi?

Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa. Leo kituo cha maporomoko ya Rusumo, hapo hapo Ngara, kina uwezo wa megawati 80, zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo umeme hukatika, na radi haipigi hodi.

Kompyuta ya duka ikizimika, kabla ya kumwita fundi kutoka Mwanza (na nauli yake!), tazama plagi, swichi na stabilaiza. La hesabu ndilo zito. Mashine ikiungua na madeni yote, mkulima aliyekwishalipa mbolea atadaiwa tena. Nakili kila jioni. Nakala ilale nyumba nyingine, na ifunguliwe kila mwezi kuona kama inasomeka. Karani naye asinyang'anywe kitabu chake cha stakabadhi.